Mume wa Nzisa

Mutinda wa Kalekye hajawahi kuzaliwa, na jambo hilo halikumsumbua mtu yeyote hapa kijijini kwetu Kathiani mpaka bima mpya ya afya ilipotufikia.

Msishangae. Marehemu Ndunda, mume wa Kalekye, alikufa bila mtoto, na kabla ya kukata roho alimwomba mkewe asiache jina la baba yake, Mutinda, lipotee duniani. Kalekye hakujaliwa kuzaa, lakini si mtu wa kushindwa na jambo kama hilo. Alifanya walivyofanya bibi zetu: akaoa. Alikwenda Kangundo na wazee wa ukoo na mbuzi wa ntheo, wale mbuzi ambao bila wao Mkamba hajaoa hata akikaa na mwanamke mpaka wapate vitukuu, akamleta Nzisa nyumbani awe mke wa Mutinda, mwana ambaye hakumzaa. Mke wa namna hiyo sisi tunamwita iweto. Watoto atakaozaa ni wa nyumba ile, ukoo ni wao na shamba ni lao. Ukiuliza baba yao ni nani utajibiwa ni Mutinda, kisha utaletewa chai. Ukiuliza mara ya pili huletewi chai.

Mimi naitwa Ndila. Ni mhudumu wa afya wa kijiji, yule mama wa mkoba na simu ya kazi anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza nani anakohoa, nani mjamzito na choo kiko wapi. Wengine wakiniona kwa mbali hujifungia ndani. Mimi hukaa mlangoni mpaka wafungue, kwa sababu kichwa changu ni kigumu na ninajua njaa itawatoa. Bima ilipokuja nilipewa kazi ya kuandikisha kila nyumba ya upande wetu wa mlima, tajiri na maskini, wazee, vilema, wajane, wote. Wenzangu wa kwingine walilalamika kwamba watu hawataki. Wangu walitaka, kwa sababu niliwafanya watake. Nasema hivi kwa majivuno na sioni haya: katika kata nzima, kijiji cha kwanza kumaliza kingekuwa changu, kama si Mutinda.

Nilipofika kwa Kalekye simu iliniuliza jina la mume wa Nzisa, nami nikaandika Mutinda. Ningeandika nini? Njia inayopanda kwao inaitwa njia ya kwa Mutinda. Binti yao, Mumbua, shuleni anaitwa Mumbua Mutinda. Hata yule mbwa wao mkali, ukitaka kumtukana, unamtukana kama mbwa wa Mutinda. Simu ikadai namba ya kitambulisho chake, nikaacha wazi, nikatuma. Nilijua kila mtu anajua.

Siku chache baadaye nikapigiwa simu.

"Mama Ndila, habari yako. Naitwa Haweya, napiga kutoka ofisi ya bima hapa Machakos mjini. Niko na nyumba moja yako haijakamilika. Huyu Mutinda hana namba ya kitambulisho."

"Hana, ndiyo."

"Alipoteza?"

"Hakuchukua."

"Ako na miaka ngapi?"

Nikafikiri kidogo. "Hana miaka."

"Pole, mama. Alikufa?"

"Aiee! Usimtabirie mabaya mtoto wa watu. Hajazaliwa."

"Sawa. Atazaliwa lini?"

"Hatazaliwa."

Nilimsikia akivuta kiti. Nikamweleza habari yote, ya Ndunda, ya jina, ya mbuzi. Alisikiliza bila kunikatiza, na ndipo nikaanza kumpenda kidogo. Halafu akaniambia kwa upole kwamba nyumba yenye mume asiye na kitambulisho haiwezi kukamilika, na nyumba isiyokamilika haina bima. Njia rahisi, akasema, ni kuandika kwamba Nzisa hana mume. Awe mkuu wa nyumba yake yeye na mtoto wake, na Kalekye ajiandikishe kando, peke yake.

"Ni dakika tu, mama," akasema. "Waulize wakubali."

Nilifurahi. Nilidhani kazi imekwisha, na ilikuwa lazima iishe, kwa sababu Nzisa alikuwa mjamzito na tumbo lilikuwa limeshashuka. Mumbua alizaliwa kwa upasuaji. Daktari alikuwa ameshamwambia Nzisa kwamba huyu wa pili naye hatapita njia ya kawaida, asijaribu hata kidogo, asije akapoteza mtoto na maisha yake pamoja. Upasuaji wa kwanza ulilipwa na ng'ombe wa maziwa wa Kalekye, ng'ombe ambaye kijiji kizima kilimlilia kwa kuwa chote kilikunywa chai ya maziwa yake. Sasa zizi lilikuwa tupu. Bila bima, Nzisa angefika mlango wa hospitali na kuku wawili.

Nilimkuta dukani kwake, kwenye cherehani. Nzisa hushona sare za shule, na tumbo lilikuwa limemsogeza mbali na meza hata akawa anafikia sindano kwa kujinyoosha. Nikamweleza.

"Waandike sina mume?" akauliza.

"Ni maneno tu ya simu."

Aliacha kukanyaga cherehani. "Mama Ndila, wewe unajua nilitoka wapi?"

"Kangundo."

"Nikiwa Kangundo nilibeba mimba ya Mumbua na mwenyewe akasema hanijui. Nikienda kliniki wananiuliza mume, nanyamaza, wanaandika hana. Kila kadi, hana, hana. Wale akina mama wengine kwa benchi wananiangalia. Kanisani hata kiti ya mbele walinitoa. Halafu siku moja naona wazee wanapanda boma yetu mchana, watu wote wakiangalia, na mama mmoja mbele yao na mbuzi. Mbuzi watatu! Hakuna mwanaume amewahi kuniletea hata jogoo. Mimi nilitolewa ntheo, mama. Nyama ililiwa, wazee wakatubariki. Mimi ni mke wa mtu." Akaanza kukanyaga tena, kwa nguvu. "Mwambie huyo wa ofisi aandike vile iko. Hilo neno hana, mimi sitaandikwa tena."

"Na upasuaji?"

Cherehani ikazidi kulia. Nikapandwa na hasira, nikamwambia kwamba kiburi hakishoni kidonda, kwamba mtoto aliye tumboni hajali kadi imeandikwa nini, na maneno mengine ambayo hayafai kuandikwa. Niliondoka nikisema peke yangu njiani. Nilipofika nyumbani na kuvua viatu nikagundua kwamba nimemwonea fahari. Ilinisumbua sana, kwa maana fahari haikuwa na namna ya kumpeleka hospitali.

Nikapanda kwa Kalekye nikidhani mzee ataona sawa. Alikuwa akipepeta maharagwe uani, Mumbua akiokota yaliyoruka. Kalekye ni mwembamba, mrefu, na akiwa na jambo moyoni huongeza kasi ya mikono. Nilipomwambia, ungo ulienda mbio hata maharagwe mengine yakaanguka.

"Wakiandika Nzisa hana mume," akasema, "basi mbuzi wangu walienda Kangundo kutembea. Na huyu?" Akamwonyesha Mumbua kwa kidevu. "Huyu ni wa nani? Wa njia?"

"Mwaitu, mama yetu, wakati unaisha."

"Najua wakati." Akaweka ungo chini. "Mimi ndiye nalala naye kwa hiyo nyumba, nasikia vile anapumua usiku. Unadhani sijui wakati?"

Niliona macho yake yamejaa maji, na Kalekye si mtu wa machozi. Nikashuka bila kuagwa.

Habari kijijini kwetu haihitaji redio. Kabla ya juma kwisha ilikuwa imefika Syokimau, kando ya Nairobi, kwa Antony. Antony ni mtoto wa ndugu yake marehemu Ndunda. Anafanya kazi huko, amepanga huko, na nyumbani huja kwa mambo mawili: mazishi na ardhi. Shamba la Kalekye liko mahali pazuri, linashuka mpaka mtoni, lina maembe na parachichi, na tangu Ndunda azikwe Antony huliangalia kama mtu aangaliavyo sufuria ya jirani. Aliposikia kuna nafasi ya mume iliyo wazi, alikuja.

Haweya naye alikuwa amepanga kuja siku ya baraza la kijiji, kumalizia nyumba zilizokwama. Tuliketi mbele ya ofisi ya naibu wa chifu, Bwana Muli, watu wengi sana, maana chakula cha mchana kilikuwa kimetangazwa. Haweya alikuwa msichana mdogo kuliko sauti yake, hijabu ya kijani, kompyuta ndogo ya kubeba mkononi. Nilipomleta Kalekye mbele, Haweya akasimama, akampa mkono na kuweka wa pili juu yake.

"Uvoo waku, susu?" akamsalimu kwa Kikamba, akimwita bibi.

"Ni museo," akajibu Kalekye, akashtuka. "Kumbe unajua kikwetu?"

"Nimezaliwa Machakos, susu. Baba yangu ni Aweys wa mbuzi. Hakuna soko ya Tala hajaingia."

Watu wakacheka kwa furaha, na wazee wawili wakapaza sauti kwamba wamewahi kumuuzia Aweys na kwamba ni mgumu kama jiwe. Haweya akasema hata nyumbani ni hivyo hivyo. Kwa muda mfupi nilidhani mambo yatakuwa mepesi.

Bwana Muli akainua mkono. Ni mtu mzuri, ila hupenda mambo yaishe kabla hayajaanza. "Hii ya Kalekye nimeshatatua," akasema. "Antony amekubali kusaidia mjane wa ami yake."

Antony akajitokeza, miwani ya jua kichwani. "Niaje, watu wangu. Mimi sina noma. Si system inataka tu jina ya mwanaume? Andika mimi hapo kwa mume, ID ndiyo hii. Mtoto anazaliwa poa, auntie analala, kila mtu anaenda home. Ni karatasi tu."

Akaweka kitambulisho chake kwenye kiganja cha Kalekye. Watu wakanong'ona kwamba hilo ni jambo jema, kijana ana moyo, damu nzito kuliko maji. Mimi nilitaka kupiga kelele. Niliwaangalia wazee wa ukoo, wale wale waliokula mbuzi wa Kangundo, nao walikuwa wanatazama viatu vyao.

Nzisa alikuwa ameketi kwa kuegemea ukuta, mikono chini ya tumbo. "Mwaitu," akasema, "mimi sikuolewa na Antony."

"Najua." Kalekye alikuwa anakitazama kile kitambulisho. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Lakini ukikatwa tena, nitauza nini, Nzisa? Nimebaki na kuku. Acha niandikwe mjinga, wewe upone."

Akanyoosha mkono kuelekea mezani. Sitasahau mkono ule. Kwa miaka yote aliilinda nyumba ile, alimlinda Mutinda asiye na mwili dhidi ya kila mwenye mwili, na sasa alikuwa tayari kuitoa yote kwa mtu wa miwani kwa sababu ya msichana mmoja wa Kangundo. Nilielewa hapo jinsi anavyompenda.

Haweya hakukipokea. "Ngoja, susu." Akamgeukia Nzisa. "Dada, huyu ndiye alikuoa?"

"Hapana."

"Basi siwezi. Bwana chifu, samahani, lakini mtu nikimwandika mume, ni mume. Kesho huyu dada akipelekwa upasuaji, yeye ndiye ataitwa. Na hawa watoto, kwa karatasi, watakuwa wake."

Mkono wa Kalekye ulirudi haraka kama umegusa jiko. Watu wakamtazama Antony, naye akaanza kuelezea kwamba hakuwa na maana hiyo, kwamba yeye alikuwa anasaidia tu, na kadiri alivyoeleza ndivyo tulivyozidi kuelewa. Nyuma kabisa mama mmoja akasema kwa Kikamba maneno juu ya fisi aliyejitolea kulinda mbuzi, na nusu ya baraza ikakohoa.

"Sasa nani alikuoa?" akauliza Haweya.

"Mutinda!" tukajibu watu kama ishirini kwa pamoja, mimi nikiwa wa kwanza.

"Sawa. Mutinda ndiye alipeleka mbuzi?"

Swali hilo hatukuwahi kuulizwa. Wazee wakatazamana.

"Mimi nimekua na mifugo," Haweya akaendelea, bila haraka. "Hata kwetu, arusi iko na mifugo. Na sijaona mbuzi imejipeleka yenyewe. Nani alishika kamba?"

Kalekye alisema neno moja, dogo sana, hata mimi niliyekuwa karibu sikulisikia.

"Nani, susu?"

"Mimi."

Halafu kitu kikamjia mgongoni, akanyooka. "Mimi! Mimi Kalekye wa Ndunda. Nilinunua hao mbuzi na pesa ya maharagwe yangu, nikawashika kamba mimi mwenyewe mpaka Kangundo, na yule dume alinipiga pembe kwa goti, hapa, mpaka leo baridi ikija naumwa. Wazee hawa walikuja nyuma yangu wakisema wamechoka. Mke wa Mutinda, mke wa Mutinda, ni sawa, ni jina. Lakini aliyemwoa Nzisa ni mimi. Mume wake ni mimi."

Wanaume wachache wakacheka. Nikasimama, nikawageukia, nikawatazama mmoja baada ya mwingine. Mimi ndiye ninayejua nani kijijini humu alizimia alipoonyeshwa sindano, na nani aliyefunga mlango akilia nisimchome. Kicheko kikakatika.

Haweya alikuwa ameshafungua ile nyumba kwenye kompyuta yake. Akasita. "Susu, kuna kitu moja. Wewe huwezi kuingia na Mutinda akiwa hapo. Lazima nimfute."

Sikuwa nimefikiria hilo, na nadhani hakuna aliyekuwa amelifikiria. Kumfuta Mutinda! Nilimtazama Kalekye nikaona amekishika kifua. Ndunda alilitaja jina lile akifa. Kalekye alilitaja kila siku tangu hapo, akimwita Mumbua, akijitambulisha sokoni, akiomba kanisani. Kuna akina mama waliowazika watoto wao ambao hawakuwahi kuwataja hivyo. Nilitaka kumwambia asikubali, mimi niliyekuwa nimemwambia mkewe kwamba ni maneno tu ya simu.

Nzisa akaja taratibu akasimama kando yake. Hakumshika. Alisimama tu, bega kwa bega, wote wawili wakiitazama ile kompyuta.

"Mutinda wangu," akasema Kalekye mwishowe, "hajawahi kuugua hata siku moja. Hajakohoa, hajaumwa jino. Bima ya nini? Mfute. Mpe anayeugua."

Tulicheka sote, na wengi wetu tukacheka huku tunalia. Mimi nililia waziwazi, nikajifuta na mkoba wa kazi.

"System itakataa," akasema Antony. "Mwanamke na mwanamke? Hiyo computer si mjinga."

Kusema kweli hata mimi niliogopa. Tulikuwa tumeambiwa maneno mengi juu ya mashine ile, kwamba inajua kila kitu, kwamba haidanganyiki. Tukasogea. Haweya akaandika namba ya kitambulisho cha Kalekye pale palipokuwa na jina la Mutinda, akabonyeza. Kile kiduara cha kungojea kikazunguka. Kikazunguka tena. Bwana Muli alikuwa amevua kofia.

Kisha mashine ikauliza watoto ni wangapi.

Haikucheka, haikuita wazee wa ukoo, haikutaka kujua lolote zaidi. Shida yote tuliyokuwa nayo tulikuwa tumeileta sisi, tukaibeba wenyewe mpaka pale mezani.

"Mmoja," akasema Nzisa, "na mwingine yuko njiani."

Kina mama wakapiga vigelegele. Kalekye hakupiga. Alikuwa ameduwaa, akimtazama Haweya kama anayesubiri kuambiwa kwamba kuna kosa. Haweya akamwonyesha pale juu, jina lake, na chini yake la Nzisa, na chini yake la Mumbua. Kalekye hajui kusoma vizuri, lakini jina lake analijua. Akaligusa kwa kidole. Kompyuta ikaruka ukurasa mwingine kwa sababu ya kidole, na Haweya akairudisha, akamwacha aguse tena.

Kijiji changu kilimaliza cha pili katika kata. Wa kwanza walikuwa watu wa upande wa pili wa mlima, ambao waume wao wote walikuwa wamezaliwa. Sikuumia sana. Niliwaambia wenzangu kwenye mkutano kwamba kumaliza haraka ni jambo moja, na kumaliza bila kumwacha mtu nje ni jingine, nao wakanipigia makofi, na nilistahili.

Siku ya Nzisa ilipofika tulishuka Machakos mjini kwa gari la Mumo, jirani yetu mwenye kibanda cha mbao, mtu mkarimu anayependa kutoa maoni. Njiani alitupa maoni juu ya barabara, juu ya mvua, na juu ya majina yanayomfaa mtoto wa kiume. Kalekye alikaa nyuma akimshika Nzisa mgongo kwenye kila shimo, na hakujibu hata moja.

Pale hospitali walimwingiza Nzisa ndani, nasi tukakaa kwenye benchi pamoja na waume wengine. Walikuwa vijana wengi, wakitikisa magoti, wakipokea simu na kusema bado. Muuguzi akatoka na karatasi ya ruhusa ya upasuaji.

"Mume wa Nzisa?"

Kalekye akasimama. Muuguzi akatazama kulia kwake, akatazama kushoto, akamtazama Mumo, naye Mumo akatazama dari.

"Susu, natafuta mume wa Nzisa."

"Umempata."

"Hapana, susu, mimi nasema yule mume wake, mwenye..."

"Mwanangu," akasema Kalekye, kwa upole, maana aliona msichana amechoka, "soma hiyo karatasi yako. Imeandikwa nani?"

Muuguzi akasoma. Akamtazama Kalekye, akasoma tena. Wale vijana wote waliacha kutikisa magoti. Nilikuwa tayari kuinuka na kupigana, nawaambia kweli, nilikuwa nimeshaweka mkoba chini. Lakini muuguzi alitoa kalamu mfukoni, akaifungua, akampa. "Weka sahihi hapa," akasema. Kalekye akaandika jina lake, herufi moja moja, akibonyeza kama anayepanda mbegu.

Tulingoja sana. Nilimletea chai, haikunywewa. Nilimwambia hadithi za kijiji, hazikusikilizwa. Nilikuwa sijawahi kumwona Kalekye akiogopa kwa mwili mzima hivyo, miguu ikigonga sakafu sawa na ile ya vijana wa jirani. Mmoja wao akamsogelea akampa nusu ya mkate wake, akamwambia, "Huwa hivyo, mzee. Hata mimi ni ya pili hii." Kalekye akaupokea mkate, akausahau mkononi.

Kisha mlango ukafunguka, na yule muuguzi akatoka akitabasamu. Safari hii hakutazama kulia wala kushoto. Alikuja moja kwa moja.

"Wako salama wote wawili," akasema. "Umepata msichana. Njoo umwone mke wako."

Kalekye alifunika uso kwa mikono miwili, na mkate ukaanguka. Nilimkumbatia. Mabega yake yalikuwa membamba kuliko nilivyodhani. Mumo naye alikuwa amesimama nyuma yetu, roho yake nzuri, na kwa kuwa hawezi kukaa bila kutoa maoni, akaguna kwa huruma.

"Pole, mama," akasema. "Msichana tena. Mungu akipenda ya tatu itakuwa kijana, apate kusimamisha hiyo nyumba."

Kalekye akajifuta macho. Akajifunga leso upya kiunoni, akaikaza, akamtazama Mumo kutoka juu mpaka chini, wala hakuwa na hasira.

"Mume wa nyumba yangu ni mwanamke, Mumo," akasema. "Umeiona ikianguka?"

Akaingia ndani.